Siku za kusubiri zimekwisha, dawa bado ipo: kumtafuta mchawi kwenye maziwa, mayai na nyama

Mfugaji akipigiwa simu kuambiwa maziwa yake yamekataliwa, jibu lake la kwanza ni "mbona siku zimeisha?" Mara nyingi hasemi uongo. Alihesabu siku zilizoandikwa kwenye chupa na zikatimia. Ambacho hakukiangalia ni kama namba ile ya kwenye chupa ilikuwa inamhusu ng'ombe wake.

Siku za kusubiri, yaani muda kati ya dozi ya mwisho na kuuza maziwa, mayai au nyama, hupatikana kwa kupima wanyama wenye afya, waliopewa dozi ya kwenye lebo, kwa njia ya kwenye lebo. Wataalamu hupima mabaki ya dawa siku baada ya siku, kisha huchagua siku ambayo wana uhakika wa asilimia 95 kwamba karibu wanyama wote wameshuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwa "karibu wote" Ulaya huhesabu asilimia 95 ya wanyama, Marekani asilimia 99. Ukibadilisha kitu kimoja tu, ukaongeza dozi, ukachoma mahali pengine, au mnyama akawa mgonjwa wa figo, namba ile si yako tena.

Mwongozo huu ni wa wafugaji na wauzaji wa Dar es Salaam: wenye ng'ombe wawili watatu wa ndani kule Goba, Kibamba au Kigamboni, wenye mabanda ya broila Chanika, na wanaokusanya maziwa kwa madumu kupeleka vioskini.

Kwanza hesabu, maana bila hiyo tutabahatisha

Dawa nyingi hutoka mwilini kwa kupungua nusu kila baada ya muda fulani. Tuchukue mfano wa darasani. Maziwa yana mikrogramu 3,200 za oksitetrasaiklini kwa lita baada ya sindano ya mwisho. Kiwango cha juu cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa maziwa ni mikrogramu 100 kwa lita. Gawa kwa mbili: 1,600, 800, 400, 200, 100. Ni mara tano. Kama kila mgawanyo unachukua saa 12, unasubiri saa 60.

Sasa tuseme aliyechoma alizidisha dozi mara mbili. Unaanzia 6,400, kwa hiyo unaongeza mgawanyo mmoja tu: saa 72. Lakini kama dozi ilikuwa sahihi na ng'ombe ana homa, amekaukiwa maji, figo zinafanya kazi kivivu, kila mgawanyo unaweza kuchukua saa 24. Hapo utasubiri saa 120.

Ona tofauti. Dozi iliyozidi hujumlisha muda, mwili unaochelewa kutoa dawa huzidisha muda. Watu hugombana sana kuhusu mililita na kusahau kuuliza kama ng'ombe alikuwa anakula na kunywa. Mimi huanza na hilo la pili.

Hesabu hii ni ya kutafuta kosa, si ya kujiruhusu kuuza mapema. Mwishoni mwa safari dawa hupungua polepole kuliko mwanzo, kwa sababu ile iliyojificha kwenye mafuta, figo au mahali pa sindano hurudi kwenye damu kidogo kidogo. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kitaalamu hawatumii kasi moja tu ya kupungua. Marekani wana hazina ya takwimu iitwayo FARAD, iliyoanzishwa 1982, inayowasaidia madaktari wa mifugo kukadiria siku za kusubiri pale lebo isipotosha. Sehemu ya kazi hiyo ni kujenga mnyama wa kwenye kompyuta: ini, figo, mafuta na misuli, kila kimoja na ukubwa wake na damu inayokipitia, kisha kuuliza dawa itakuwa wapi baada ya siku kadhaa.

Bandani huna kompyuta hiyo, lakini unaweza kuuliza maswali yale yale. Je, kilichoingia ni kingi kuliko tunavyodhani? Je, kinatoka polepole? Au kinaingia tena?

Dalili: mtindi haugandi

Hii ndiyo kengele ya kwanza kwa muuza maziwa wa mjini, na mara nyingi inalia kabla ya kipimo chochote. Bakteria wanaogandisha maziwa ni bakteria kama wengine, penisilini inawaua. Inatosha kidogo sana. Kiwango cha penisilini kinachoruhusiwa kwenye maziwa ni mikrogramu 4 kwa kilo, maana yake gramu moja ikitawanywa sawasawa inafikisha zaidi ya lita 200,000 kwenye kikomo.

Usikimbilie kulaumu dawa lakini. Fanya jaribio la vikombe viwili. Kimoja weka maziwa yenye shaka, cha pili maziwa ya ng'ombe unayejua hajatibiwa. Chemsha yote, poza mpaka vuguvugu, tia mtindi wa jana kiasi kile kile kutoka chombo kimoja, funika, weka pamoja. Vyote viwili visipoganda, tatizo ni mbegu yako au joto. Kikigoma kile chenye shaka peke yake, wanaobaki ni watuhumiwa wanne: dawa, ugonjwa wa kiwele, dumu lililooshwa kwa jiki au sabuni na kusuuzwa ovyo, au mtu aliyetia kemikali njiani ili maziwa yasichachuke kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Huyo wa tatu hutokea kuliko watu wanavyokiri. Nusa dumu.

Kuna sura nyingine inayodanganya. Maziwa yanaganda, ila yana mapovu, yamekatika, yananuka vibaya. Huenda dawa imewaua bakteria wa mtindi na kuwaachia uwanja bakteria wa uchafu ambao dawa hiyo haiwagusi. Watu husema "maziwa yalikuwa machafu" na kuishia hapo. Yanaweza kuwa machafu na yenye dawa kwa pamoja.

Na mtindi ukiganda vizuri usishangilie. Bakteria wa mtindi wa kienyeji unaoganda kwa joto la chumbani ni wavumilivu kuliko wale wa yogati, kwa hiyo mabaki kidogo yanaweza kupita bila wao kushtuka.

Dalili: kipimo kinasema dawa ipo, na siku zimetimia

Anza na chupa, siyo na mtu. Iombe mkononi. Kwenye maduka ya dawa za mifugo oksitetrasaiklini ya asilimia 10 na ile ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu hupangwa rafu moja, na wengi huamini tofauti ni ukali tu. Sivyo. Ile ya muda mrefu imetengenezwa ibaki msulini na kuachia dawa pole pole, hivyo kasi ya kuisha inaamuliwa na mahali pa sindano, siyo na figo. Aliyechoma ya asilimia 20 akahesabu siku za asilimia 10 amepotea tangu siku ya kwanza. Na usiazime namba ya chupa ya kampuni nyingine hata kama dawa ni ile ile, maana kimiminika kilichochanganywa na dawa ndicho kinachoamua itoke kwa kasi gani.

Chupa ikiwa sahihi, uliza ilichomwa wapi na mililita ngapi kwa tundu moja. Ng'ombe wa kilo 300 kwa dozi ya mililita 1 kwa kila kilo 10 anahitaji mililita 30. Lebo nyingi huweka kikomo cha mililita 10 hadi 20 kwa sehemu moja. Mwenye haraka humaliza zote 30 kwenye paja moja, na pale panabaki bwawa linalovuja dawa muda mrefu baada ya siku kutimia. Uzito wenyewe, kama haukupimwa kwa utepe, chukulia ni wa kukisia.

Halafu yule kijana wa kukamua. Katika mazizi madogo ya mjini anayechoma ni mmoja, anayekamua mwingine, anayebeba madumu kwenye bodaboda wa tatu. Ng'ombe aliyetibiwa asipofungwa kamba ya rangi mguuni, akija mkamuaji wa zamu maziwa yake yanaingia kwenye dumu la wote. Zaidi ya hapo hakuna siri, ni kuulizana.

Dawa ya kiwele ina mitego yake. Mtu anatia bomba la dawa kwenye chuchu moja mbovu, kisha anamwaga maziwa ya chuchu hiyo tu na kuuza ya tatu zilizobaki. Dawa huingia kwenye damu na kutokea chuchu nyingine. Maziwa yote ya ng'ombe huyo hayauzwi mpaka siku ziishe. Bomba za kukaushia ng'ombe, yaani za kutia anapoachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa, ni hatari zaidi, kwa sababu zimetengenezwa zikae kwenye kiwele wiki kadhaa. Akizaa kabla ya tarehe, au ukamnunua akiwa na mimba na muuzaji asikuambie alimkausha kwa dawa, utaona maziwa yanakataliwa ilhali wewe hujamchoma kitu. Uliza siku ya kununua.

Ukimaliza yote haya bila kupata jibu, mwangalie ng'ombe mwenyewe: alikuwa na homa? Amekonda? Alikula? Hapo ndipo ile hesabu ya kuzidisha inapoingia, na jibu lake ni kusubiri zaidi na kupima tena, hakuna njia ya mkato.

Jambo moja kabla ya kumhukumu mtu. Vipimo vinavyotumia bakteria, kama Delvotest ambacho hubadilika kutoka zambarau kwenda njano maziwa yakiwa safi, vinaweza kubaki zambarau kwa maziwa ya kiwele kibovu au dang'a hata bila dawa. Maziwa hayo yana kinga zake za asili zinazozuia bakteria. Kwa hiyo matokeo ya ng'ombe mmoja mwenye kiwele kilichovimba yanahitaji kipimo cha pili cha aina nyingine.

Dalili: dumu la pamoja limekataliwa, hujui ni la nani

Weka utaratibu wa kuhifadhi kikombe kidogo cha kila mleta maziwa kabla ya kumwaga kwenye pipa, kikiwa na jina, kwenye barafu. Siku pipa likikataliwa, pima vile vikombe. Vipimo vikiwa ghali, changanya vya nusu ya wafugaji upime, kisha gawa nusu inayokataa. Usikusanye vingi mno kwa pamoja, maziwa ya wengi humficha mmoja. Bila vikombe hivyo utabaki kulaumu yule mgeni kuliko wote kwenye kundi, na mara nyingi siye.

Dalili: kipimo kinasema safi, lakini unajua mnyama alitibiwa

Vijiti vya haraka vya kupimia maziwa vinavyouzwa sana vinanusa kundi la penisilini na la tetrasaiklini. Kama alipewa tailosini, jentamaisini au salfa, kijiti hicho hakina macho nayo. "Safi" hapo maana yake ni "sikuona nilichofundishwa kutafuta." Soma boksi la kijiti kama unavyosoma lebo ya dawa.

Dawa ya minyoo ni vivyo hivyo. Ivamektini hupenda mafuta, na maziwa yana mafuta. Lebo nyingi zinakataza kabisa kumpa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kuliwa na watu. Hakuna kijiti cha antibayotiki kitakachokuambia.

Broila: wiki ya nne imefika na kuku wanakoroma

Hapa shida si kutojua, ni bei. Kuku wa nyama anauzwa wiki ya nne au ya tano, na mafua hupenda kuja wiki hiyo hiyo. Ukianza dawa ya siku tano yenye siku saba za kusubiri, unawalisha kuku waliokwisha kufikia uzito kwa karibu wiki mbili. Kila mtu anajua hesabu hiyo, ndiyo maana wengine huwapeleka sokoni wakiwa bado wanakunywa dawa. Sitajifanya kwamba mahubiri yatatatua jambo hilo. Kinachosaidia ni kuamua kabla ya kufungua pakiti: ukianza kutibu, tarehe ya kuuza imesogea, piga simu kwa mnunuzi leo na siyo siku ya gari.

Ila kuna wanaosubiri kwa uaminifu na bado mabaki yanakutwa. Wao waangalie vitu vifuatavyo.

Joto. Dozi nyingi za kuku huandikwa gramu kwa lita ya maji. Januari na Februari hapa mjini kuku hunywa maji mengi sana kuliko wakati wa baridi, pengine hata mara mbili, na ukichanganya kwa lita zile zile anapata dawa mara mbili bila wewe kukosea kipimo. Dozi salama ni ile iliyohesabiwa kwa uzito wa kuku wote, ikatiwa kwenye maji watakayoyamaliza kwa saa chache, kisha wapewe maji matupu.

Maji ya kisima. Maeneo mengi ya pwani maji ni magumu, yana kalsiamu na magnesiamu. Oksitetrasaiklini na doksisaiklini hushikana na madini hayo na kutoingia vizuri mwilini. Kuku hawaponi, mfugaji anaongeza kipimo, kisha anaongeza dawa nyingine juu yake. Mwisho wa siku ana dawa mbili zenye siku tofauti za kusubiri na hajui ahesabu ipi. Jibu ni kuhesabu ndefu kuliko zote, kuanzia siku ya dawa ya mwisho.

Kuingia tena. Kuku hudonoa maranda, na maranda yana kinyesi chenye dawa. Salfa zina sifa mbaya sana kwa hili; kwa nguruwe iligundulika zamani kwamba salfamethazini ilirudi mwilini kupitia kinyesi na mkojo wa bandani. Tangi na mabomba ya chuchu za kunywea maji yasiyosafishwa baada ya tiba huendelea kutoa dawa kidogo kidogo. Hivyo siku ya kwanza ya kusubiri ianze baada ya kuosha tangi, kusukuma maji matupu kwenye bomba lote, na kutoa maranda yaliyolowa. Chakula nacho: ukisaga kwenye mashine ya mtaani, uliza kilichochanganywa kabla yako kilikuwa nini.

Mayai: trei za mwanzo safi, za baadaye zimekataliwa

Watu huona hili ni kinyume cha akili, lakini yai lina maelezo yake. Kiini hukua kwa kasi takriban siku 10 kabla ya kutagwa, na ute huwekwa karibu na mwisho. Dawa inayopenda kiini inaingia kwenye mayai yatakayotagwa wiki ijayo, siyo yale ya leo. Ukipima yai la siku ya pili ya tiba unaweza kukuta kidogo, la siku ya nane ukakuta zaidi. Dawa nyingi za broila hazikuidhinishwa kwa kuku wanaotaga kabisa, na lebo husema hivyo kwa herufi ndogo. Soma hizo herufi kabla ya kununua, si baada ya kuwanywesha leya 500.

Nyama: msuli safi, figo imekataa

Siyo maabara kukosea. Figo ndiyo njia ya kutokea, na Codex imeruhusu oksitetrasaiklini mikrogramu 200 kwa kilo kwenye msuli wa ng'ombe, 600 kwenye ini, 1,200 kwenye figo. Jentamaisini ni kisa cha peke yake: figo hushikilia dawa hiyo miezi mingi, hata msuli ukiwa safi zamani. Ng'ombe aliyewahi kuchomwa jentamaisini kwa kweli usimweke kwenye mpango wa kuchinja karibuni.

Ng'ombe wanaoshuka Mnada wa Pugu wamesafiri kutoka mikoa ya mbali na wamepita mikononi mwa madalali. Aliyechoka au aliyepata homa njiani anaweza kuchomwa sindano ili afike amesimama. Mnunuzi wa machinjio ya Vingunguti haambiwi. Akikagua, apapase shingo na mapaja kutafuta uvimbe au ugumu wa sindano, na kwenye nyama iliyofunguliwa atafute doa la njano au kahawia msulini. Akilikuta, atamwonyesha mkaguzi, na kipande hicho hakitoshi kukatwa tu: kinaeleza kuwa kuna dawa mnyama mzima.

Kuchemsha na kuchoma hakutuokoi. Tetrasaiklini hupungua kiasi kwa moto mrefu. Penisilini kwenye maziwa yaliyochemshwa kidogo inabaki karibu yote, na kwa mwenye mzio nayo hicho kinachobaki kinatosha.

Dawa imetumika nje ya lebo, nihesabu siku ngapi?

Hili ni swali la daktari wa mifugo, na jibu la muuza duka lisichukuliwe. Ila ujue wenzetu wanavyofanya ili usikubali jibu la kubuni. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Januari 2022 inachukua siku ndefu kuliko zote kwenye lebo na kuzidisha kwa 1.5. Kama dawa haikuidhinishwa kabisa kwa wanyama wa chakula, nyama husubiri angalau siku 28. Isiyoidhinishwa kwa wanaokamuliwa, maziwa siku 7. Isiyoidhinishwa kwa wanaotaga, mayai siku 10. Hizo ni za chini kabisa, na zinadhani mnyama ana figo nzima. Kloramfenikoli haina hesabu yoyote: imekatazwa kwa wanyama wa chakula kwa sababu inaweza kuzima uboho wa mtu bila kujali wingi wake. Ukigundua ilitumika, bidhaa haiuzwi, basi.

Unapopeleka sampuli

Maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ipo Temeke. Kabla ya kwenda, uliza wanataka nini na kiasi gani kwa kipimo unachokihitaji. Maziwa yachukue baada ya kuchanganya dumu vizuri, yaende kwenye barafu siku hiyo hiyo, maana penisilini huharibika ikikaa saa nyingi kwenye joto na utaletewa "safi" ya uongo. Nyama isafiri na figo ya mnyama yule yule, kila kimoja kwenye mfuko wake. Bandika karatasi yenye jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, asilimia yake, mililita, mahali pa sindano, tarehe na saa ya mwisho, na hali ya mnyama siku hiyo. Ukiwa na chupa tupu ichukue pia, namba ya toleo lake inahitajika endapo dawa yenyewe ndiyo feki, na hapo taarifa inakwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.